Vitenge Kumi na Vinne na Dada wa Gari

Juzi msomaji kanitumia ujumbe: "Dada, mwanangu anamaliza la saba, wazazi tumechanga, tuwanunulie walimu nini?" Nilitaka kumjibu neno moja tu, vitenge, nirudi kwenye sufuria yangu. Nikashindwa. Kanitonesha kidonda.

Mwaka jana mimi ndiye nilikuwa mweka hazina wa kamati ya mahafali. Kila mzazi elfu kumi. Kuzifukuzia hizo elfu kumi ni kisa kingine, tukiache. Nilikwenda Kariakoo mwenyewe, Mtaa wa Kongo, nikabishana bei mpaka jua likaniwaka utosini, nikatoka na vitenge kumi na vinne kwa walimu kumi na wanne. Siku ya sherehe tukawatunza kwa vigelegele, MC akanitaja mara tatu. Sitaficha, nilicheza mpaka kiatu kikakatika.

Katikati ya kucheza nikamwona mwanangu anatoka nje ya turubai. Akaenda hadi getini, aliposimama dada wa gari, yule anayewapandisha watoto alfajiri na kuwateremsha jioni. Akavua shada alilovishwa na bibi yake, akamvisha yule dada. Halafu akarudi kula pilau kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ngoja niwarudishe nyuma, la sivyo hamtaielewa aibu yangu.

Shule iko Upanga, sisi tunakaa Mabibo. Masika ya mwaka ule siku moja ilinyesha, na mnaijua mvua ya Dar: Jangwani pakajaa maji, Barabara ya Morogoro ikafungwa, magari yote yakakimbilia Daraja la Salender. Gari la shule likakwama kwenye foleni tangu jioni. Mwanangu alifika nyumbani saa nne na nusu usiku. Mimi muda wote huo nilikuwa wapi? Kwenye grupu la wazazi, naandika kwa herufi kubwa. Uzembe! Hamjali watoto wetu! Nikamtaja na "huyo msichana wa gari asiyepokea simu".

Simu yake ilikuwa imeisha chaji kwa kupigiwa na akina sisi. Na huyo msichana ndiye aliyeshuka kwenye maji, akanunua maandazi kwa hela yake mwenyewe, akawagawia watoto wote, akampakata wa darasa la kwanza aliyekuwa analia mpaka akasinzia. Mwanangu alinihadithia asubuhi yake. Nikasema "aa, vizuri," nikamhimiza avae soksi. Kwenye grupu sikurudi kusema lolote.

Miaka mitano ananipokea mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza totoro, mimi na khanga yangu begani. Jina lake nilikuwa silijui. Kwenye simu nilikuwa nimemhifadhi kama "Gari Shule".

Kwa hiyo ushauri wangu, msomaji wangu, ni huu: kabla hamjachanga, andikeni majina. Mlinzi anaitwa nani? Mpishi? Anayedeki vyoo? Dereva? Mkiona mnaandika "yule mzee wa geti", simameni hapo kwanza, mkamuulize jina. Walimu wana Siku ya Walimu Duniani, Oktoba 5, inaadhimishwa tangu 1994. Wanastahili, tena zaidi ya kitenge. Nchi hii ilimwita Rais wake wa kwanza Mwalimu, mtu aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na jina likabaki naye hadi kaburini. Ni heshima kubwa. Ila sijasikia mtu akiitwa Mpishi kwa heshima ya namna hiyo.

Nyie ambao watoto wenu wako shule za serikali, msidhani hayawahusu. Elimu haina ada tangu 2016, sawa, lakini shule nyingi mpishi wa uji na mlinzi wanalipwa kwa michango yenu wazazi. Ukiuchelewesha mchango miezi mitatu kisha siku ya mahafali ukamletea mpishi sabuni iliyofungwa utepe, ndugu yangu, unamtania. Lipa mchango kwanza.

Jambo jingine ni muda. Usimpelekee mwalimu bahasha wiki ya mitihani, wala usimpe kwa kificho nyuma ya ofisi. Hata kama nia yako ni safi, unamweka pabaya, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, hawasomi nia. Ngoja mtoto amalize, toa hadharani, uongozi wa shule ujue. Andika na barua, umtaje kwa jina na useme alichofanya, nakala kwa mkuu wa shule. Kitenge kinachakaa, barua inakaa kwenye faili.

Na majina, jamani. Narudia, majina.

Mwaka huu mdogo wake yuko shule ileile, nikapeleka wazo kwenye grupu: tuchangie na wasio walimu. Mzazi mmoja akajibu, "Wale si wanalipwa mshahara?" Na walimu je, wanalipwa kokoto? Mwingine akaniita mama kiherehere, akaweka na vikaragosi vya kucheka. Imeniuma, sidanganyi, mpaka leo nikimwona getini naangalia upande. Lakini wazazi thelathini na mmoja wamechanga. Yeye hayumo.

Yule dada sikusubiri sherehe. Nilimwomba radhi kwenye grupu lilelile nililomtukania, kwa herufi ndogo safari hii. Kisha alfajiri moja nikampa barua na bahasha, mwalimu wa zamu akiwa pembeni. Jina lake ninalijua sasa, silitaji hapa kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Akaifungua palepale, taa za gari zinamulika, watoto wanasukumana mlangoni. Akahesabu, akacheka.

"Mama Junior, andazi lilikuwa mia mbili. Hii chenji yako naipeleka wapi?"