Unaenda Kasai na Kiswahili chako? Soma hapa kwanza

Naona vijana wengi siku hizi wanapata kazi Kongo, madereva, mafundi wa mitambo, watu wa miradi ya maji, na karibu kila mmoja anasema "ah Kongo si Kiswahili kipo bana, tutaelewana tu". Sawa, ukiishia Lubumbashi, Goma au Bukavu mtaelewana, japo nako utashangaa mambo mawili matatu. Ila ukipangiwa Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa au Mwene-Ditu ujue huko ni Kasai, na Kasai watu wanaongea Tshiluba. Ni moja ya lugha nne za taifa zilizoandikwa kwenye katiba yao, pamoja na Kiswahili, Lingala na Kikongo, kwahiyo usiende na mawazo kwamba ni kilugha cha kijijini ambacho wenyewe watakiacha wakikuona we mgeni. Ofisini ni Kifaransa, ila ukitoka tu getini ni Tshiluba mpaka unarudi kulala.

Mi nilienda kama fundi wa visima. Wiki ya kwanza nilijiona nimeshashinda maana lugha inafanana na yetu hadi raha. Maji ni mayi, mbuzi ni mbuji (na jina la mji ndo hilo hilo, mbuji na mayi, jina la mto), jina ni dina, leo ni lelu. Pale sisi tunaposema ki- na vi- wao ni tshi- na bi-, ndo maana ugali wao unaitwa bidia, kutoka kwenye kudia, kula, yani ukiitazama vizuri ni kama "vyakula". Ugali wenyewe unasongwa kwa unga wa mahindi na muhogo pamoja, unaliwa na matamba, yani kisamvu. Nikajisemea miezi mitatu naongea kama mzawa.

Sasa hapo ndo unapochomekwa. Lugha isiyofanana na yako inakutisha, unakua makini, hii inayofanana inakulegeza kabisa. Siku moja msimamizi wa saiti, mzee mmoja mstaarabu sana, kanieleza kitu kirefu halafu akaniuliza "udi umvua?" Mi nikaangalia juu, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuokoteza kwamba hapana, mawingu hakuna. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Kumvua ni kusikia, kuelewa. Mzee alikua ananiuliza kama nimemuelewa, na jibu nililompa ndo likawa jibu lenyewe.

Hiyo ni ya kucheka, kuna ambayo sikucheka. Kijana wetu mmoja wa kuchimba kaja asubuhi macho mekundu, anasema "baba wanyi", mikono kichwani, nikaelewa kafiwa na baba yake. Nikaandika kwenye karatasi ya mchango, msiba wa baba, watu wakachanga, nikapewa mimi nipeleke. Nafika msibani naonyeshwa mzee kakaa kwenye kiti anapokea wageni, naambiwa huyu ndo baba wa kijana. Kwa Tshiluba "baba" ni mama, na baba ni "tatu". Nilikua nimeshika bahasha imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba huyo mzee aliyekaa mbele yangu kafa. Sasa weka na hii hapo hapo, "mutu" kwao ni kichwa, mtu ni "muntu", kwahiyo mfanyakazi akikwambia mutu unamuuma usianze kumuuliza ni nani kamng'ata.

Neno lililonigharimu hela kabisa ni makelela. Hilo moja linabeba jana na kesho, kitendo ndo kinakwambia ni ipi. We mgeni kitendo unakua hujakidaka, umedaka makelela tu. Nilimuuliza mtu wa stoo kuhusu simenti, akanijibu sentensi ndefu ina makelela ndani, nikaelewa itakuja kesho, nikalala zangu. Kumbe ilikua imefika jana yake, imeshushwa nje, na usiku ikapiga mvua ile ya Kasai ambayo haina mzaha. Tangu hapo nikiambiwa makelela natoa simu, nafungua kalenda, namwambia mtu anyooshe kidole. Fanya hivyo hivyo, hakuna atakayekuona mjinga, na wakikuona pia sawa tu, simenti itakua ndani.

Kuna na ishu ya toni. Sisi Kiswahili kimetuzoesha mkazo kwenye silabi ya pili toka mwisho basi imeisha. Tshiluba sauti inapanda na kushuka na maana inabadilika nayo, ndo maana kwenye vitabu vyao vingine unaona vimstari juu ya vokali, sio urembo ule. Mi wa Kigoma nikadhani kwakua Kiha nacho kina toni basi sikio langu litanibeba, kumbe wataalamu wa lugha wanasema Tshiluba toni zake zimegeuzwa ukilinganisha na lugha nyingi ndugu zake, pale wengine wanapandisha yenyewe inashusha. Kwahiyo sikio la nyumbani linaweza likakupoteza pia. Alafu p yao wengi wanaitoa kwa kupuliza midomo, haifungi vizuri, sasa mtu akisema kupa, yani kutoa kitu umpe mwenzio kama kwetu tu, we unasikia kama kufa. Usishtuke.

Ukitafuta kamusi utakuta wengine wameandika Tshiluba na wengine Cilubà, ni kitu kile kile, tsh na c ni mwandiko tu, tafuta kote kote. Ila angalia usije ukabeba kitabu cha Kiluba cha Katanga, yani upande wa Lubumbashi, hiyo ni lugha nyingine, ya jirani. Mi nilinunua hicho Lubumbashi, nimekaa nacho mwezi mzima najiuliza mbona maneno yangu hayafiki.

Kuhusu watu sasa, hapa naomba mnisikilize. Usimuite kila anayeongea Tshiluba Mluba. Kananga kuna Bena Luluwa, lugha ni hiyo hiyo ila wao ni Bena Luluwa, na mwaka 1959 walipigana vibaya na Baluba, wazee hawajasahau. Sema tu watu wa Kasai, umemaliza.

Na utakutana na mtu mzima pale Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi anakujibu Kiswahili safi cha Lubumbashi, utafurahi, utataka kumuuliza we umejifunzia wapi hicho. Taratibu. Wakati wa mkoloni watu wengi wa Kasai walipelekwa Katanga kufanya kazi migodini na kwenye reli, wakazaa huko, wakajukuu huko. Mwaka 1992 na 1993 wakafukuzwa, wengi wakajazana stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni ya kuwarudisha Kasai, ambako wengine walikua hawajawahi hata kukanyaga, na wapo waliofia njiani. Kwahiyo Kiswahili kwa huyo mama anayekuuzia nyanya inaweza ikawa ni lugha ya utoto wake na ya kufukuzwa kwake pia. Mama mmoja aliniambia Kiswahili anakipenda ila hakiongei mbele ya kaka yake. Sikumuuliza zaidi. Wakikuongelesha wao kwanza ongea, wasipotaka usilazimishe.

Salamu ndo itakufungulia milango. "Moyo wenu" kwa mkubwa au watu wengi, "moyo webe" kwa wa rika lako. Moyo hapo ni uhai, sio ule unaodunda, huo kwao ni mutshima, kama mtima wa washairi wetu. Mwanaume mtu mzima muite tatu, mwanamke mamu, ndo useme shida yako. Ukikimbilia shida kabla ya moyo watakujibu, ila kwa kifupi sana. Asante ni tuasakidila, ndio ni eyowa, hapana ni "to", fupi hivyo hivyo. Namba za sokoni usijiumize nazo, saba tu ni muanda mutekete, bei nyingi watakutajia kwa Kifaransa.

Alafu kuaga. Anayeondoka anamwambia anayebaki "shala bimpe", salia vizuri, na anayebaki ndo anasema "ya bimpe", nenda vizuri. Mi karibu miezi miwili nilikua nikimaliza kula kwa watu nasimama mlangoni nawaambia ya bimpe, yani nawatoa kwenye nyumba yao wenyewe, na wao kwa heshima wananiitikia tu.