Malipo ya korosho yakiingia, fungua daftari lako

Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi na malipo yakaingia benki, huku kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, maendeleo ya kila mtu yanaonekana kwa wakati mmoja. Huyu kaezeka bati, yule kashusha pikipiki mpya. Ni msimu wa neema, lakini ndio msimu ambao vijana wengi tunaumia kimoyomoyo, kwa sababu uliyesoma naye amepeleka tani kwenye ghala la kukusanyia korosho za mnada na wewe umepeleka magunia ya kuhesabika.

Mdogo wangu, kabla hujajiona umechelewa, uliza mwenzio alianzia wapi. Jirani yangu anavuna mikorosho aliyoachiwa na baba yake, mingine ilipandwa yeye hajazaliwa. Mimi nilianza na pori. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inaingia miche kama 28 tu, na hata ile ya kubebesha (iliyounganishwa na kikonyo cha mkorosho bora) utaisubiri miaka ndipo uone mavuno ya kueleweka. Kupima shamba hilo kwa gunia za jirani ni kujionea bure.

Na uchungu huo una bei. Anayetaka kufanana na wenzake haraka ndiye anayeuza kangomba: anachukua hela korosho ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, kisha mnada ukipanda anabaki kuusikia redioni.

Mimi nilinunua daftari. Nikaligawa shamba kwa vipande, na kila kipande naandika maua yalitoka lini, salfa, ile dawa ya unga ya kukinga maua, nilipuliza lini, nimepata kilo ngapi na za daraja gani. Kwenye daftari hilo ndipo nilipoona kwamba kipande cha karibu na bonde, ambako asubuhi umande unakawia kukauka, kila mwaka ugonjwa wa ubwiriunga unaanza nacho. Ule unga mweupe ukishashika maua, korosho hapo huna. Hili nisingeliona kamwe kwa kutazama bati la mtu.

Jirani nilimfuata pia, kwa heshima, nikamuuliza: "Mzee, wewe unajuaje korosho imekauka?" Akachukua moja kwenye mkeka, akaibonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha haukuacha alama. "Hii ipeleke," akasema, "ile inayobonyea irudishe juani." Tangu siku hiyo mzigo wangu haujakataliwa ghalani kwa unyevu, na yeye tumekuwa watu wa kuulizana. Ukiona mtu amekuzidi, huyo ana kitu cha kukufundisha. Mwendee mapema, kabla wivu haujakufungia mlango wake.

Anza na ulichonacho, hata kama ni miche michache ya nyuma ya nyumba. Andika tarehe, andika kilo, mwakani linganisha na hizo. Mimi mwaka huu kile kipande cha bondeni nitakipulizia salfa mara tu vikonyo vya maua vikichomoza, nione daraja litapanda kiasi gani.