Nakuru hadi Iten kwa pikipiki: panga safari kwa saa, si kwa kilomita

Kutoka Nakuru kupitia Marigat na Kabarnet hadi Iten ni kama kilomita 190. Mtu aliyezoea barabara kuu husikia hivyo akapiga hesabu ya saa tatu, akanywa chai bila haraka na kuondoka saa nne. Ataingia Bonde la Kerio mchana wa joto, mwanga ukiwa mkali na milima imefifia, na kama ni msimu wa mvua, wingu litakuwa linamngoja Tambach, kwenye mpando wa mwisho kabla ya Iten.

Tatizo ni kwamba barabara hii haiendi sawa hata kidogo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Unashuka hadi Marigat, kama mita 1,000, unapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita 2,000, unashuka tena hadi daraja la Cheploch kwenye mto Kerio, kisha unaukwea ukingo wa Elgeyo hadi Iten, mita 2,400. Ni mipando miwili mikubwa na miteremko miwili kwa siku moja, na kila mmoja una saa yake nzuri.

Tunashauri uanzie Nakuru uende Iten, si kinyume chake. Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki. Ukiwa Kabarnet saa nne asubuhi, jua liko nyuma yako na ukuta wote wa ng'ambo unaonekana wazi, miamba na misitu yake. Alasiri ukuta huohuo unaingia kivulini, na anayeelekea magharibi hupigwa na jua machoni kwenye kona. Lakini kufikia hapo utakuwa umeshafika Iten, unatazama ulikotoka, na Milima ya Tugen ndiyo inayoangazwa. Ukienda kinyume, unapoteza mandhari mara mbili, tena unaanza siku kwa kushuka mteremko mrefu kuliko yote.

Basi ondoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu, mara tu kunapopambazuka. Utavuka ikweta karibu na Mogotio na kufika Marigat kama saa mbili na robo. Kuwa makini na mbuzi na ng'ombe kwenye kipande hiki: akivuka mmoja, tarajia wengine nyuma yake. Kunywa chai Marigat, ondoka saa tatu, uwe Kabarnet saa nne. Jaza tangi hapo hata kama lina nusu, kwa sababu bondeni vituo vya mafuta ni haba, na pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita kwenye tambarare inaweza kushuka hadi 30 ikiwa imebeba abiria mlimani. Ukitoka Kabarnet saa nne na nusu, una muda wa kusimama Cheploch uutazame mto ukipenya kwenye mwamba, ununue maembe njiani kama ni msimu wake, na bado ufike Iten kabla ya saa nane.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Kuanzia Aprili hadi Agosti nyanda za juu za Eldoret na Iten hupata mvua za alasiri zenye radi, na mvua hizo huangusha mawe na udongo barabarani kwenye ukingo. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, ratiba ya hapo juu ndiyo kinga yako. Na ukikuta maji yakipita juu ya barabara huku bondeni, subiri yapungue. Mvua iliyoyaleta imenyesha mlimani usikokuona.

Sasa breki, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Pikipiki nyingi zetu za cc 100 hadi 150 zina breki za ngoma, angalau nyuma. Ukiikanyaga breki mfululizo kwa kilomita kumi, ngoma inapata moto, breki shuu (vile vipande viwili vinavyoisugua ngoma kwa ndani) zinapoteza mshiko, na pedali inaanza kuzama zaidi kila kona. Utasikia harufu ya kuungua. Ukiisikia, shuka gia, simama mahali salama, ngoja dakika 20. Usimwagie ngoma maji, chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka.

Kinga ni gia. Gia ambayo ungetumia kuupanda mlima ule ndiyo utakayotumia kuushuka, mara nyingi ya pili au ya tatu. Acha injini ikushikilie, kisha bonyeza breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona na uziachilie, ngoma zipate kupoa. Ile tabia ya kuzima injini na kuteremka frii ili kuokoa petroli, iache kabisa. Mafuta unayookoa hayafiki robo lita, na umeitupa breki kubwa kuliko zote uliyo nayo.

Kwa hiyo siku mbili kabla ya safari, si asubuhi yake, kagua kwa utaratibu huu. Anza na cheni: katikati ya upande wa chini iweze kuchezacheza sentimita 2.5 hadi 3, na uzungushe gurudumu ili upime pale ilipokaza zaidi. Ukibeba abiria itakaza zaidi, kwa hiyo usiivute mpaka ikawa waya wa gitaa. Breki ya nyuma ifuate baada ya cheni, wala si kabla, kwa sababu kulivuta gurudumu nyuma kunabadilisha urefu wa fimbo ya breki. Mafundi wengi wenye haraka huisahau hatua hii, na mteja anaondoka gereji na breki inayojishika yenyewe njia nzima. Pedali isonge sentimita 2 hadi 3 kabla ya kushika. Kama nati ya kurekebishia imefika mwisho wa meno yake, breki shuu zimekwisha, nunua mpya. Ukishafunga mpya, zitumie mjini siku hizo mbili zizoeane na ngoma.

Upepo wa tairi pima Nakuru asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kwa pikipiki za aina hii ni karibu PSI 25 mbele na 28 nyuma, au 32 ukiwa na abiria, ila fuata kitabu cha pikipiki yako. Ukipima tena Marigat utakuta namba imepanda kwa sababu ya joto. Usipunguze, maana Iten utakuwa na tairi laini kwenye baridi.

Kuhusu injini, usishtuke ikilegea mlimani. Iten hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya tano, na injini hupoteza nguvu karibu kiasi hichohicho. Yenye nguvu farasi 12 inabaki na tisa na nusu hivi. Karbureta nayo inaendelea kutoa petroli nyingi kuliko inavyotakiwa, hasa kama pikipiki ilirekebishwa Kisumu au pwani. Dalili ni moshi mweusi, kukohoa, na plagi iliyopaka masizi. Dawa ya kwanza ni filta ya hewa safi, ambayo mara nyingi hutosha. Usikubali fundi akubadilishie jeti (kitundu kinachopima petroli ndani ya karbureta) kwa ajili ya siku moja: kinachofaa Iten kitaichemsha injini utakaporudi bonde la joto.

Vifaa vya kubeba ni vichache: spana ya plagi, plagi moja, spana za ekseli ulizozijaribu nyumbani, waya wa klachi, tyubu ya saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ya nyuma (mara nyingi 3.00-17), vyuma vya kufungulia tairi na pampu. Tyubu ya nyuma inaweza kukuokoa hata mbele hadi mjini. Maji lita 2 kwa kila mtu. Vaa nguo kwa tabaka, kwa sababu utatetemeka Nakuru, utatoka jasho Marigat na utalitafuta koti tena Iten. Helmeti na jaketi la kuakisi ni sheria kwako na kwa abiria, na abiria ni mmoja.

Usalama ni jambo la kuuliza, si la kukisia. Sehemu za kaskazini na mashariki mwa Baringo, na bonde la Kerio upande wa Tot, zimeshuhudia wizi wa mifugo na mashambulizi ya silaha. Baki kwenye lami ya Kabarnet kwenda Iten, ulizia hali kwa polisi wa Marigat au Kabarnet siku hiyohiyo, na usiwe bondeni baada ya jua kutua.

Lala Iten au Eldoret. Ukilala Iten, punguza mwendo unapotoka asubuhi, wanariadha wako barabarani tangu alfajiri. Kurudi Nakuru kupitia Timboroa ni baridi na malori, na mteremko wa Salgaa una historia mbaya ya malori yaliyokatika breki. Ukishapita Timboroa, kata kushoto Makutano, ushuke kupitia Eldama Ravine hadi Kampi ya Moto na Kabarak. Malori ni machache, na unashuka taratibu ukiliona bonde upande wa kushoto.