Pikipiki mpya, mkono wa zamani: siku yangu ya kwanza Hamsini na Saba

Kwa miaka 11 nimeendesha DT125 ya ofisi, ile Yamaha inayokula oili pamoja na petroli, ambayo kila bwana shamba wa rika langu huku Nyanda za Juu Kusini anaijua kwa moshi kabla hajaiona. Mwezi uliopita nikajinunulia ya kwangu: Honda XR150L, injini ya mapigo manne, siti bado ina nailoni. Jumamosi ya kwanza sikuzunguka nayo mjini kuionyesha. Niliipeleka Chimala, nikapanda Hamsini na Saba hadi Matamba, nikatokea Kitulo, nikarudi. Nilianguka mara moja, na injini ilinizimikia mara ambazo sitaki kuzihesabu. Karibu makosa yote yalikuwa ya mkono wangu uliozoea mashine nyingine, kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaohama kama mimi.

Kwa msiopajua: Chimala ipo kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, pembezoni mwa bonde la Usangu, kwenye mpunga na joto. Ukiiacha lami pale unaanza kuuparamia ukuta wa mlima, na njia inajikunja kona baada ya kona. Wanasema ni 57, ndipo jina lilipotoka. Mimi sijawahi kuzifikisha. Kila nikihesabu, kwenye thelathini na kitu linanitokea lori la viazi na hesabu inaishia hapo. Chini kuna vumbi na changarawe, katikati mawe, juu kabisa matope. Ukitaka kujua tabia ya pikipiki kwa siku moja, sioni sehemu nzuri zaidi.

Kabla ya kuacha lami nilishusha upepo wa tairi hadi psi 18, mbele na nyuma. Aliyeniuzia alikuwa amejaza kama anapeleka lori bandarini. Tairi iliyojaa sana inarukaruka juu ya mawe badala ya kuyakumbatia. Lakini kama una tyubu, usishushe zaidi ya hapo: rimu ikigonga jiwe inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana, na ndipo utakapokumbuka kwamba pampu uliiacha nyumbani.

Kona ya tatu ndiyo iliyonipa somo la kwanza. Kwenye DT, mlima ulikuwa na kanuni moja: gia namba moja, klachi nusu, piga resi mpaka injini ilie, kwa sababu chini haina kitu, nguvu yake yote iko juu. Nikafanya hivyohivyo. Tairi la nyuma likazunguka palepale kwenye changarawe, mawe yakaruka, na pikipiki ikakaa kimshazari katikati ya njia kama ng'ombe aliyegoma. Ya zamani huwasha mafuta kila krenki inapozunguka mara moja. Hii huwasha kila inapozunguka mara mbili, pigo moja zito, halafu nafasi, halafu pigo jingine. Hiyo nafasi ndiyo inayoipa tairi muda wa kung'ata ardhi. Kona ya nne niliingia na gia namba mbili, nikaachia klachi yote, nikaipa mafuta kidogo tu. Ikapanda taratibu, du-du-du, kama punda anayeijua njia ya kwenda mtoni. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Nikajiona nimeshafuzu, nikazidisha. Kona kama ya kumi nikaingia na gia namba tatu, nione itavuta mpaka wapi. Ilitetemeka mara mbili ikazima, nami niko kwenye mteremko, miguu mifupi, siti iko juu, na upande mmoja ni korongo. Hizi injini ndogo za mapigo manne hazikupi onyo refu. Ukisikia mapigo yanaanza kuachana na usukani unatikisika, shusha gia hapohapo. Ukingoja hatua tatu zaidi umechelewa. Na kama imezima kwenye mlima mkali, usihangaike kukanyaga chini kwa miguu yote miwili. Shika breki ya mbele, iache kwenye gia, klachi uiachie, ujipange kwanza. Gia itaishikilia. Hapo nilimshukuru aliyebuni stata ya kubonyeza, maana DT ilikuwa ya kiki tu, na kupiga kiki kwenye kona ya Hamsini na Saba ni sarakasi.

Juu, Matamba kwenda Kitulo, mambo yalibadilika. Uwanda ule uko kwenye mita 2,600 hivi, na hewa ni nyepesi. Injini ya kabureta inakosa karibu robo ya nguvu zake kule, na kwa kuwa petroli inayoingia inazidi hewa iliyopo, inakohoa na kutoa harufu mbichi. Usikimbilie bisibisi. Ukiirekebisha kabureta kule juu, ukirudi Chimala itakuwa inapata mafuta machache kuliko hewa, na injini itachemka. Shusha gia moja, kubali kwenda polepole, utazame maua. Watu hawakupaita Bustani ya Mungu bure.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: haina kelele. Miaka yote wakulima walinisikia tangu bonde la pili; waliokuwa hawajapalilia viazi walipata muda wa kushika jembe. Safari hii nilimkuta bibi mmoja katikati ya njia na kuni kichwani, nikapiga honi nikiwa nimeshafika mgongoni kwake. Kuni zikaanguka zote.

"Shikamoo bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Wewe si yule wa moshi?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Moshi ulikuwa bora," akasema, akainama kuokota. Nikashuka nikamsaidia. Sasa napiga honi mapema, hata kwenye kona isiyo na mtu.

Matope sina mengi ya kusema. Tairi zinazokuja na pikipiki za namna hii ni nusu ya lami, nusu ya porini, na kwenye udongo mwekundu uliolowa zinajaa na kuwa laini kama chapati. Simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, tazama mbali, usiufunge mkono wa mafuta ghafla. Nilipita kwa sababu hiyo, na kwa bahati.

Kuanguka kulikuja wakati wa kushuka, na hapa ndipo nataka unisikilize hasa. DT haina breki ya injini ya maana. Tena fundi wangu wa kwanza alinikataza kushuka mlima mrefu nikiwa nimefunga mafuta, kwa kuwa pampu ya oili inafuata mkono wa mafuta: ukifunga, oili inapungua na pistoni bado inakimbia. Kwa hiyo nilijizoeza kushika klachi kwenye miteremko na kupiga resi kidogo kila baada ya muda. Miaka 11 ya kufanya hivyo, vidole vinakwenda vyenyewe.

Basi nikashuka Hamsini na Saba, kona imejaa changarawe mpya, vidole vikashika klachi. Pikipiki ikaachiwa huru. Nikaona inakwenda kasi kuliko nilivyotaka, nikakamata breki ya mbele kwa vidole vyote vinne, kama nilivyozoea kwenye ile ngoma ya zamani yenye breki shuu, ambayo ilihitaji ukamue kama unafua. Hii ya mbele ni diski. Haikamuliwi. Tairi la mbele likafunga, likateleza, nami nikajikuta nimekaa chini nikiitazama pikipiki mpya imelala ubavu, petroli inachuruzika kutoka kwenye kabureta, na nailoni ya siti imechanika.

Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wanashuka nyuma yangu, kila mmoja na gunia la viazi kwenye keria. Mmoja akafunga koki ya mafuta kabla hata hajanisalimia.

"Pole mzee. Ulishika klachi?"

"Nilishika."

"Hii usishike. Weka gia mbili, funga mafuta, acha injini ikushikilie yenyewe. Mbele kidole kimoja, viwili vikizidi."

Nikajaribu kuiwasha, ikagoma. Petroli ilikuwa imejaa ndani. Kijana akanionyesha: choki usiiguse, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, bonyeza stata. Ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa, ikashika. Nikashuka kona zilizobaki kwa gia namba mbili, mkono wa kushoto nimeukunja ngumi nisije nikasahau. Nyuma sikuikanyaga breki zaidi ya mara tano. Ila ukitaka kushusha gia, shusha kabla ya kona na uachie klachi kwa upole. Ukiiachia ghafla, injini inafunga tairi la nyuma vilevile kama breki.

Jumapili nilimwaga oili. Vitabu vingi vinasema kilomita 1,000 za kwanza, lakini mimi nilikuwa na 400 na kitu, nikaona siwezi kuvumilia. Nilipoikinga kwenye kopo na kuitazama juani ilikuwa inametameta, vumbi la chuma laini kama vumbi la fedha. Hayo ni mavyuma mapya yanayozoeana, si ugonjwa, ila sikutaka yaendelee kuzunguka humo. Na ukinunua oili, soma kopo. Kwenye pikipiki hizi sahani za klachi zinaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hiyo. Zile za gari zenye kusifiwa kupunguza msuguano zitafanya klachi iteleze, utasikia injini inapanda na pikipiki haisogei, utaanza kumlaumu fundi. Uzoefu wa oili inayoungua pamoja na petroli usahau kabisa; hapa oili inakaa chini, lita moja hivi, na kama hutaipima kila asubuhi hakuna moshi utakaokukumbusha.

Cheni ilikuwa imelegea, nikaikaza. Spoku nikazigonga moja moja kwa spana kusikiliza, mbili zilikuwa na sauti nzito, nazo nikazikaza. Mkono wa klachi ulivunjika ncha pale nilipoanguka. Nimenunua miwili; mmoja nimeufunga kwenye keria kwa kipande cha tyubu kuukuu.