Kwa nini Ribe, si Mombasa mjini?

Umeuliza kwa nini Wamethodisti wa Kenya wanahesabu mwanzo wao Ribe, kijijini kabisa. Sababu ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Alikuwa amewahi kukaa Rabai, jirani tu, kuanzia miaka ya 1840, kwa hiyo mwaka 1862 alipowaongoza wamisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza, aliwapeleka kwa Wamijikenda aliowazoea. Wengi wa hao aliowaongoza hawakukaa, maradhi yaliwashinda. Thomas Wakefield ndiye aliyeng'ang'ania, na mkewe Rebecca akafia hukohuko mwaka 1873. Charles New naye alifika 1863, huyu ndiye aliyepanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji mwaka 1871 (mmisionari mwenye miguu myepesi!). Kanisa lao kujitegemea kutoka Uingereza kulikuja baadaye sana, 1967.