Je, virutubishi "hupenya kati ya" mfupa na gegedu?

SWALI: Ninatafsiri kijitabu cha mazoezi kwa wagonjwa wa magoti. Niliandika hivi: "Damu husafirisha virutubisho kutoka mfupani hadi kwenye gegedu." Mhariri akabadilisha ikawa: "Virutubishi hupenya kati ya mfupa na gegedu." Ipi ni sahihi?

JIBU: Mhariri amefanya vema kuiondoa damu. Gegedu la kiungo halina mishipa ya damu, na ushahidi uko jikoni: ukikata kwa kisu ile ncha nyeupe inayoteleza kwenye mfupa wa paja la kuku, ambayo wengi huiita mfupa laini, haitoi damu, ilhali ndani ya mfupa wenyewe kuna wekundu. Kitenzi "penya" nacho kinafaa, kwa kuwa huonyesha kitu kinachojipitisha penye upenyo mdogo bila kubebwa, tofauti na "safirisha", kinachodai mbebaji.

Penye kasoro ni "kati ya". Tukisema kwamba njia inapenya kati ya miti, hatumaanishi kuwa imetoka kwenye mti mmoja na kuingia kwenye mwingine. Tunamaanisha kuwa imepita katika nafasi iliyopo baina yake. Vivyo hivyo, sentensi ya mhariri inamwambia msomaji kwamba virutubishi vinapita kwenye ufa unaotenganisha mfupa na gegedu, jambo ambalo hakulikusudia. Kwa mwendo wa kutoka hapa kwenda pale, Kiswahili hutaka chanzo na kikomo vitajwe: kutoka mfupani hadi kwenye gegedu, kama ulivyoandika wewe.

Kuhusu "kirutubisho" na "kirutubishi", yote mawili yameundwa kwa kanuni halali. Kiishio -o kimezoeleka kwa kifaa au kitu kinachotumiwa kutendea jambo, kama kifuniko na kiburudisho. Kiishio -i humwelekea mtendaji, na wanasarufi wamekitumia sana katika kivumishi, kiwakilishi na kiunganishi. Kwa hiyo naona busara katika mazoea ya wataalamu wengi wa lishe nchini Tanzania, ambao huita virutubishi vile vilivyomo ndani ya chakula, huku virutubisho likibaki jina la vidonge na unga wa kuongezea lishe. Katika kijitabu chako, andika virutubishi.

Shina la maneno hayo linastahili kutazamwa. Rutuba, ambayo leo tunaihusisha na udongo, imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya unyevu, na kinyume chake ni yabisi, yaani ukavu, tunayoikuta katika jina la maradhi ya viungo, baridi yabisi. Majina hayo ni masalia ya utabibu wa kale uliopima mwili kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Utabibu huo umepitwa na wakati, lakini kwa gegedu neno rutuba limeangukia mahali pake: maji ni kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake, na chakula chake kikubwa hutoka kwenye ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka kadiri goti linavyobeba uzito na kuachiwa, mfano wa sponji inayobonyezwa ndani ya beseni.

Hapo ndipo sentensi zenu zote mbili zinapopungukiwa, kwa kuwa hazikuutaja ute. Njia ya mfupani ipo, ila ni finyu: chini ya gegedu la mtu mzima kuna tabaka jembamba lililokakamaa kwa madini ya kalisi, ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa halipitishi kitu, hadi majaribio ya baadaye yalipoonyesha kuwa molekuli ndogo hupita. Ningeandika hivi: "Gegedu hupata sehemu kubwa ya virutubishi vyake kutoka kwenye ute wa kiungo, na kiasi kingine hupenya kutoka kwenye mfupa ulio chini yake." Andika "ute wa kiungo", si "ute wa viungo", asije msomaji akafikiria iliki na mdalasini.