Dania nzima na ile ya unga

SWALI: Shikamoo Shangazi. Natia dania ya unga kwenye mchuzi, kijiko kimoja hata viwili, lakini harufu yake siisikii. Jirani yangu ananiambia nitie giligilani. Je, hivyo ni vitu viwili? Tena nilipanda mbegu zake kwenye kopo, mwezi wa pili huu hazijaota. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kitu kimoja. Jirani anasema giligilani, wewe unasema dania, jina tulilolipata kwa Wahindi, na majani mabichi wengi wetu wa Pwani tunayaita kotmiri. Usiichanganye tu na bizari nyembamba, ile ya pilau.

Kinachokuangusha ni huo unga. Harufu ya dania imo kwenye mafuta yaliyofungiwa ndani ya chembe. Ikishasagwa na kukaa dukani, mafuta yanaruka. Nunua nzima. Minya chembe moja kwa ukucha: itaachana vipande viwili vyenye shimo kama vibakuli, na utasikia harufu ya kukaribiana na ganda la chungwa. Usiposikia kitu, usinunue. Bibi yangu kule Tanga alizikaanga kavu, juu ya makaa yaliyoanza kufifia, akitikisa kikaango mpaka zikaanza kualika na kugeuka rangi. Akaipua, akaziacha zipoe, ndipo akatwanga, za siku ile tu. Mchuzi wake wa samaki uliusikia tangu mlangoni.

Kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri lilipofunguliwa mwaka 1922, ndani zilikutwa chembe za dania kiasi cha nusu lita hivi. Zilikuwa zimekaa humo zaidi ya miaka 3,200! Mimi hilo hunigusa kila ninapofungua kopo langu.

Sasa kopo lako. Tunachoita mbegu ni tunda kavu lenye mbegu mbili. Zisugue taratibu kwa chupa zigawanyike, ziloweke usiku kucha, kisha zifukie sentimita moja tu. Subiri wiki 2 hadi 3. Jua likizidi, mmea utakimbilia kutoa maua, usiung'oe. Matunda mabichi yatanuka kama kunguni, nawe usiogope, yakikauka harufu hiyo inaondoka. Yapukuse, uyakaange, utwange hayo hayo.